Mrija wa Mama Mzazi

Alhamisi, 3 Oktoba
Nimeoga alfajiri, nikawasha taa ya utambi, nikakaa mbele ya picha ya Mama Durga, mungu mke wa Wahindi. Mikono yake mingi, simba wake, uso usiotishika. Nimelitaja jina lake mpaka jua likaingia dirishani, ndipo nikafunua cherehani. Leo mfungo wake umeanza. Matunda, maziwa, viazi. Nyama hapana, pombe hapana. Bibi wa Kihindi niliyemfanyia kazi Mwanza alikuwa akisema, mpende Mama bila kuchoka, mwishowe utajijua wewe ni nani. Miaka yote nashona suruali za watu hapa Murusagamba, mwenyewe sijijui. Safari hii sishindwi.

Mama mzazi, ninayeishi naye, kapita mlangoni akaona moshi wa taa. Kajiziba pua kwa kitenge. Shikamoo yangu hakuitikia.

Ijumaa, 4 Oktoba
Kumbe mama anadhani nimepandwa na mizimu! Bibi yake huko Burundi alikuwa mtu wa mizimu. Alipobatizwa, vitu vyake vyote vilitupwa mtoni. Sasa mama anaona vimerudi kwangu, vimevaa sari. Nilicheka. Bora ningenyamaza. Akaniuliza, "Nilikunyima nini, hata ukatafute mama mwingine?"

Nikarudi kwenye cherehani.

Jumapili, 6 Oktoba
Aibu. Binti wa dada yangu kapata komunyo ya kwanza, ndugu wote uani. Pombe ya ndizi kaikamua mama kwa mikono yake. Akaleta kibuyu, akaonja kwanza mbele ya watu, waone haina sumu. Akanigeuzia mrija mimi, mtoto wake wa kwanza. Nikasema nimefunga.

Ee Mungu wangu! Huku kwetu aliyepika akionja na wewe ukakataa, umemwita mchawi. Nalijua hilo tangu utoto. Lakini kichwani mlikuwa na mfungo tu, mfungo wangu, utakatifu wangu. Mpumbavu mkubwa mimi. Mama kabeba kibuyu, kamwaga pombe yote migombani. Hakuna aliyenitazama tena.

Jumanne, 8 Oktoba
Mama kahamia kwa mdogo wangu, kule Kasulo. Kaacha hata jembe lake. Wateja nao wananikwepa. Mwenye gauni la harusi kaja kulichukua halina mikono. Shauri yake. Kinachoniuma ni kile kigoda kitupu jikoni.

Nimekaa mbele ya picha, jina haliji. Najiona mimi tu, nilivyo safi, ninavyoonewa. Haya, si nilitaka kujijua? Nimejijua, na simpendi mtu huyu. Akienda mama kaburini akijua nilimwita mchawi, nitamlilia nani?

Alhamisi, 10 Oktoba
Bodaboda mpaka Kasulo, tope mpaka masikioni. Nimemkuta mama anapepeta maharage. Nikapiga goti. Shikamoo, mama. Ungo unaendelea. Nikamwomba pombe. Akaacha kupepeta.

"Na mfungo wako?"

"Naomba, mama."

Akaingia ndani, akatoka na kibuyu. Akaonja. Akanigeuzia mrija. Nilinywa mpaka nikapaliwa, machozi yakanitoka, sijui ni ya pombe au ya nini.

Ndipo akasema marahaba.

Jumamosi, 12 Oktoba
Mfungo unaisha leo, nami niliukata njiani. Sijutii. Mama karudi jana na kuku mmoja na maneno kidogo. Picha sijaiondoa, naye hajasema niiondoe. Rozari yake kaitundika ukuta wa pili.

Alfajiri nimewasha taa. Nikasikia nyayo zake nyuma yangu. Akainama, akaitazama taa, akasema utambi mrefu mno, ndiyo maana inatoa moshi. Akaukata kwa mkasi wangu wa kazi, akaenda kumenya viazi.