Chumvi Ndani ya Mashine

Ganda, Malindi
Jumanne

Kwa shemeji yangu mpendwa, Bwana Baya,

Shikamoo. Natumaini waraka huu utakukuta umeketi barazani kwa binti yako Nelly, hapo Kisauni, na kwamba goti lako limeacha kukusumbua kama lilivyokusumbua wakati wa mvua kubwa. Uniwie radhi kwa kukuandikia badala ya kukupigia simu. Nelly aliniambia kwamba masikio yako na simu hayapatani siku hizi, nami sikupenda maneno yangu yafike kwako kwa kupigiwa kelele na mtu wa tatu. Sisi hapa hatujambo, kwa rehema za Mungu. Mahindi yamebeba, mbuzi mweupe amezaa mapacha, na kifua changu hunibana asubuhi tu, kisha huniachia niendelee na shughuli zangu.

Nimepokea salamu zako kwamba utakuja na wazee wa upande wenu kwa sala za kumkumbuka dada yako, marehemu mke wangu Kadzo, na kwamba, kama ilivyo desturi yenu, mtapita kaburini kwanza kabla ya mtu yeyote kunywa maji kwangu. Nimefurahi kwa upande mmoja. Kwa upande wa pili, sina raha, na sababu unaijua. Tangu mwanangu Dena alipomwoa Easter, binti wa Kibwezi, wewe hujawahi kutia mkononi tonge alilolipika. Siku ya arusi yao uliuliza mbele za watu kama kwao kuna maji ya kuoga, hata waje kuosha magari yetu. Watu walicheka. Kadzo hakucheka, nawe ulimwona. Sala hizi zitapikiwa na Easter, kwa kuwa ndiye mama wa nyumba hii sasa. Ukikataa chakula chake mbele ya wazee, atakuwa amekataliwa na ukoo mzima wa mama mkwe wake, na jambo hilo halifutiki kwa sala moja. Kwa hiyo nakuomba, shemeji, mulamu wangu, unisome mpaka mwisho kabla hujaamua lolote.

Nianze na mashine. Unajua Dena hutunza nyumba ya wageni kule pwani ya Malindi. Mwenye nyumba alipohama alimwachia mashine ya kuoshea kwa maji ya nguvu, ile yenye mota, mpira mrefu na bunduki ya kurushia maji. Dena akaileta hapa Ganda kwa furaha nyingi. Nyumba ilikuwa inaihitaji. Mvua zilikuwa zimeacha kuta za kijani hadi madirishani, na saruji ya uani ilikuwa na utelezi uliokuwa ukinipeleka chini mara kwa mara, nikiamka na kutazama huku na huku kama kuna aliyeniona. Kaburi nalo lilikuwa limeshika kuvu jeusi, hata nikaona haya kulipitia.

Lakini mashine ilitutesa. Ilinguruma kama simba na kutema mate kama mzee. Maji yalikuja, yakakatika, yakaja tena kwa kukohoa. Nilijifunza kuishi nayo hivyo hivyo. Niliweka mdomoni mwa bunduki ile ncha nyembamba kabisa na kuisogeza bunduki karibu na ukuta mpaka ikakaribia kuugusa, na kwa kazi ya adhuhuri nzima nikapata alama safi yenye upana wa kiganja. Dena, ambaye subira yake ni ya mjomba wake, uniwie radhi, aliipiga teke.

Hapo ndipo Easter alipotoka jikoni na unga mikononi, akamuuliza mumewe kama yeye akipigwa teke hutoa maji. Kisha akaniambia, kwa ile sauti yake ambayo majirani wa ng'ambo ya barabara huisikia bila kutaka, kwamba mashine haikufa, imekunywa chumvi ya pwani tu, na kwamba yeye mwenyewe ilimchukua mwaka mzima kuizoea chumvi hiyo. Nilikuwa nimesahau kwamba kabla ya kuolewa alikuwa na sehemu yake ya kuoshea malori pale Kibwezi, barabara kuu. Yeye hakusahau, wala hatuachi tusahau. Akiwa na kazi mkononi hujisifu kuliko jogoo, nami nimegundua kwamba napenda kumsikiliza.

Shemeji, niruhusu nikueleze alivyofanya, kwa maana nilivuta kiti nikatazama kama mtu aliye kanisani. Kwanza hakuigusa mashine. Aliutazama mpira wa kuleta maji tangu kwenye tangi, akakuta tumeupitisha chini ya mguu wa meza, umebanwa. Akaondoa meza. Akasema mashine ile huvuta maji mengi, na ikipewa kidogo huvuta hewa, na hewa ndiyo kikohozi chake. Kisha akafungua mahali mpira unapoingia, akatoa kichujio kidogo cha waya, akaniwekea kiganjani. Kilikuwa kimejaa mchanga na vipande vya tumbawe, na juu yake ukoko mweupe. Sisi huteka maji ya kisima, nawe unayajua maji ya kisima chetu: hata chai haiyapendi. Akaniuliza kama nilidhani mashine ina figo za Mgiriama.

Ile ncha nyembamba aliiloweka katika siki, akaizibua kwa sindano ya kushonea, akaiinua juani na kuchungulia kwa jicho moja mpaka akaridhika. Alikuta pia mpira mdogo wa duara, pale bunduki inapoungana na mpira mkubwa, umepasuka na unavujisha. Dena akatumwa mjini akaleta mwingine, naye Easter akaupaka mafuta kabla ya kuuvika. Mwisho akafungua maji ya tangi, na bila kuwasha mota akabana kifyatulio cha bunduki na kungoja. Maji yakatoka kwa kukohoa, akangoja. Yakatoka kwa mapovu, akangoja. Yalipotiririka bila kukatika, akasema sasa amemaliza kutoa roho mbaya, akawasha.

Naapa, Bwana Baya, kuku walikimbilia shambani. Ukuta wa mbele ulionishinda wiki nzima ulirudia weupe wake mbele ya macho yangu, kama mtu anayevua kanzu chafu. Nilisimama, nikapiga makofi peke yangu. Easter aliinama kama malkia wa arusi, akanikabidhi bunduki.

Akanifundisha. Akaniambia mota isiachwe ikinguruma bure na bunduki imefungwa, maana maji yaliyofungiwa ndani huchemka na kuharibu pampu. Kwamba tuoshee maji ya mvua kila yapatikanapo, na tukitumia ya kisima, mwisho tuisafishe kwa ya mvua ili chumvi isilale ndani. Kwamba ukizima, ubane kifyatulio tena ili nguvu iliyobaki itoke, kwa maana bunduki iliyozimwa bado inaweza kuumiza. Na juu ya yote alinisihi nitumie ile ncha pana inayotawanya maji kama ufagio, nisimame mbali, na nisielekeze ile nyembamba kwenye kitu chochote chenye rangi. Aliniambia kwamba maji yale yaling'oa majina ya wenye malori Kibwezi, wakamfuata na rungu. Nikamjibu kwamba nimeelewa. Nilijibu kama tulivyofundishwa misheni kumjibu mwalimu, kwa haraka na kwa heshima.

Tangu hapo nyumba yetu imekuwa kama shule. Akina mama wa kanisa walikuja kuomba mabenchi yao yaoshwe. Easter aliyaosha yote, akawaimbia, akawatania, na yule mzee wa kanisa mkali akaondoka akicheka, maji yakimtiririka surualini. Nilimtazama nikajiambia kwamba Kadzo alijua tangu mwanzo kile ambacho sisi wengine tulingoja mpaka tukione kwa macho. Angalikuwapo, angalimwita kila mpita njia aje aone.

Sasa nafika mahali ambapo kalamu inakuwa nzito.

Alhamisi iliyopita Easter alikwenda Kakuyuni kutafuta muhogo wa sala, na Dena alikuwa kazini. Nikawaza kwamba kaburi la mke wangu lioshwe na mkono wangu. Nikaunganisha mpira, nikatoa hewa kama nilivyofundishwa, nikafurahi kwa kutokosea. Lakini mkono wa mzee hukumbuka ya zamani. Ulichukua ncha nyembamba, na ukaisogeza bunduki karibu, kama katika siku zile mashine ilipokuwa dhaifu. Weusi ulianza kuteremka kutoka msalabani. Nilidhani ni kuvu. Nikashangilia, nikakaza. Miwani yangu ilikuwa imelowa. Nilipozima na kuifuta, msalaba ulikuwa mweupe pe, na haukuwa na jina la mtu.

Bwana Baya, nimelifuta jina la dada yako. Zile herufi ulizoziandika kwa mkono wako siku ya maziko, wewe uliyeandika mabango ya nusu ya maduka ya Malindi, ukikataa kuondoka mpaka herufi ya mwisho ikauke, hazipo. Ni mimi. Hakuna mwingine aliyekuwapo.

Easter alirudi akanikuta nimeketi ukingoni mwa kaburi, nimelowa. Alinifunika kanga yake. Kisha akaona bunduki iko chini na bado ina nguvu, akaiokota akabana kifyatulio kuitoa, kama afanyavyo daima. Ni wakati huo huo mpwa wako Mangi alipopita njiani. Akamwona mwanamke wa bara, bunduki ya maji mkononi, mbele ya msalaba usio na jina. Hakusimama kuuliza. Jioni yake habari ilikuwa imezunguka Ganda yote: mkwe wa bara ameliosha jina la mama mkwe wake. Mangi yuko safarini kuja huko Mombasa wiki hii, na najua atafika kwako na maneno hayo kabla ya kuvua viatu.

Nilitaka kutoka niwaeleze watu. Easter akanizuia. Akaniambia, "Baba, waache. Mimi nina la kusemwa tayari, wakiongeza moja halinizidishii uzito. Wewe utaketi nao kwenye sala." Nami, Mungu anisamehe, nilinyamaza siku mbili, kwa kuwa kunyamaza kulikuwa rahisi. Jumapili asubuhi nilimwona akifagia uani, na wanawake wawili waliokuwa wakija kisimani wakageuza njia. Alianza kuwaita kwa utani wake, kisha akaacha katikati ya neno. Sijawahi kumwona akiacha neno katikati. Nikaenda kanisani, nikaomba nafasi baada ya mahubiri, nikasema mbele ya wote nilivyofanya. Wengine waliamini. Wengine walisema mzee anamkingia mkwe wake. Wewe wakikusikia umeamini, wataamini wote.

Dena alipendekeza tumtafute fundi alirudishe jina kabla hamjafika, msijue lolote. Nilikuwa karibu kukubali. Watu pia walimwambia Easter aandike yeye, maana mwandiko wake ni mzuri. Kule Kibwezi aliwaandikia wenye malori majina yale yale aliyoyang'oa. Alikataa. Alisema jina lile lina mwandishi wake, na akiligusa yeye, mjomba, yaani wewe, akija kaburini hatakuwa na mahali pa kuliweka jicho. Amenunua rangi nyeusi na brashi, akaviweka kabatini kwangu bila kuvifungua.

Nelly ameniambia kwamba mkono wako unatetemeka, na kwamba uliapa hutashika tena brashi watu wakikuona. Nakuomba radhi kwa kulitaja. Nilimweleza Easter jambo hilo, nikidhani litamvunja moyo. Badala yake akaniuliza kama mjomba atakubali yeye amshikie kopo la rangi, kwa kuwa mkono unaotetemeka hausumbuliwi na brashi, husumbuliwa na kopo. Akasema herufi zikipinda, zipinde. Wakiuliza, atawaambia ndivyo zinavyoandikwa huko Kisauni.

Basi njoo, shemeji. Hasira yako nichapie mimi, nimeistahili, nami nitaipokea nikiwa nimesimama. Lakini njoo siku moja kabla ya wazee, uketi mbele ya msalaba, na kopo liwe mkononi mwa mkaza mwanangu. Hatapika mpaka umalize. Amesema kazi ya jina haifanywi na moshi machoni. Mkitoka hapo pamoja, kila mtu wa Ganda atakuwa ameona, na mimi sitakuwa na la kuongeza.

Nisalimie Nelly na watoto wake, na umwambie nashukuru kwa kukusomea pale macho yako yalipochoka. Dena anakuamkia, na Easter pia anakuamkia, shikamoo mjomba, na ananiambia niandike kwamba tayari ameosha kiti utakachoketia, kwa ile ncha pana.

Ni mimi shemeji yako, mwenye makosa na mwenye kukuheshimu,

Nicholas Ziro