Kiapo cha Polepole

Kwa mkono wa duka la Rahemtulla,
Likombe, Mtwara.
Jumapili, 20 Novemba 1955

Mpendwa dada yangu Mwanahawa binti Saidi,
Pangani.

Dada, shikamoo. Nakuandikia nikiwa mzima kwa uwezo wa Mola, na Halima mzima, na watoto wazima, ila Mwajuma ana kikohozi ambacho hakimzuii kucheka wala kula. Wasiwasi wangu ni goti lako. Salma aliniandikia kwamba siku ya Maulidi uliketi kitini wenzako wakiwa wamesimama, nikahuzunika sana, maana wewe kuketi watu wamesimama ni jambo ambalo hata nikifumba macho silioni. Endelea kulikanda kwa mafuta ya nazi, na usibebe ndoo. Nakujua.

Huku mvua bado haijashika. Mikorosho imezaa mwaka huu mpaka mbuzi wameyachoka mabibo, na harufu yake imejaa njia nzima toka Ziwani hadi hapa. Likumbuke hilo la mabibo, dada, maana ndilo lililoniingiza matatani.

Salma, mwanangu, wewe unayemsomea mama yako, marahaba. Kuanzia hapa usikimbize maneno. Mama akikwambia ruka hapo, usiruke.

Dada, kama haijakufikia, basi iko njiani barua nyingine, ya wazee wa msikiti wetu. Aliyeiandikisha ni Mzee Mohamedi, mkubwa wao. Wanataka uniamuru nile kiapo, mkono juu ya Msahafu, kwamba nitaendesha gari polepole maisha yangu yote. Nisipoapa, nisiadhini tena. Wamekuandikia wewe kwa kuwa wanajua mama alipofariki wewe ndiye uliyenilea, na hujapata kuniambia neno nikalikataa. Wamejua pa kunishika, wazee hawa. Basi nisikie na mimi kabla hujawajibu.

Gari langu ni lile la bodi la mbao nililolipata kampuni ya karanga ilipovunja kambi zake. Asubuhi napeleka watu bandarini na Naliendele, mchana Mikindani, na kabla jua halijazama niwe nimerudi, nimetia udhu, nimesimama msikitini kuita watu. Tangu nikabidhiwe kazi ya kuadhini hadi yalipotokea haya, magharibi haikunipita.

Na wewe sikufichi kitu: napenda mwendo. Barabara ile pana waliyoikata kwa mabuldoza ikininyookea, upepo ukaingia dirishani, moyo wangu wenyewe unamshukuru Mungu bila kuambiwa. Sioni dhambi ndani yake. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alishindanisha farasi, na farasi hashindani kwa kutambaa.

Sasa, mwezi uliopita niliona tairi za mbele zinalika upande wa ndani, kama kisigino cha kiatu cha mtu mwenye matege. Upande wa nje mzima, upande wa ndani kipara. Nikasema magurudumu hayakukaa sawa. Nikachukua uzi, wa namna ile tunayonyooshea mikeka ya safu. Usishtuke, nilinunua wangu, wa msikiti sikuugusa. Nikaufunga nyuma, nikauvuta hadi mbele ukigusa tairi, huku na huku. Kisha nikalala chini ya gari, nikakizungusha kile chuma kirefu kinachounganisha magurudumu mawili ya mbele, mafundi wanakiita tairodi, hadi magurudumu yakanyooka na uzi kama watu kwenye safu ya Ijumaa. Bega kwa bega, kisigino kwa kisigino. Nilipoinuka nilijisifu, Mungu anisamehe.

Dada, gari lile lilitembea kama mlevi wa harusini. Hapa mtaani, taratibu, halikusema kitu. Lakini barabara ya Mikindani ilipofunguka nikakanyaga mafuta, likaanza kunusa kulia, likanusa kushoto, nami nalirudisha, nalo linatoroka tena. Nimeingia Mikindani hivyohivyo, nikipita barazani kwa watu wanaokunywa kahawa, gari linayumba huku na huku, na upande wa pili wa njia kuna mama anauza mabibo.

Hayo yalitosha. Kabla sijarudi Likombe habari ilikuwa imenitangulia: muadhini amekunywa pombe ya mabibo.

Mzee Mohamedi akaniita kibarazani kwake. Hakunipa hata kiti. Akaniambia, "Ismaili, hebu nihemee." Nikasema, "Mzee, mimi na umri huu?" Akasema, "Hema!" Nikamhemea. Akanusa, akanusa tena, uso ukamshuka kama mtu aliyeahidiwa nyama akaletewa mchicha. "Dagaa," akasema. Nikamjibu, "Ndiyo, mzee, dagaa. Wa jana."

Hapo nilidhani yamekwisha. La. Alipokosa pombe akashika mwendo. Akasema kama si mlevi basi ni mwenda wazimu, kwamba muadhini hawi mtu wa kupita na vumbi, kwamba hata tairi zangu zilizolika ni ushahidi wa mbio. Nikamwambia tairi haziliki upande mmoja kwa mbio, zinalika kwa kukaa vibaya. Akasema najua kujibu. Vijana wa kijiweni walipolisikia hilo wakanipa jina la muadhini wa Mtume, wakalitia mafuta: Bilali Petroli. Nikipita wanasimama, wanatia vidole masikioni kama mtu anayeadhini, halafu wanaunguruma kama injini. Siku ya kwanza liliniuma. Siku ya pili nilicheka nikiwa nimegeuka upande wa pili wasinione.

Lakini sikuliacha gari vile. Nilimwaga majivu ya jikoni barabarani, nikapita juu yake, kisha nikashuka kutazama alama. Halima alikuwa dirishani akisema sasa ndiyo nimewapa watu la kusema. Alama zilikuwa zimepakazwa kwa nje, kama nyayo za mtu anayeburura miguu huku vidole vimetawanyika. Hapo ndipo nilipoelewa, dada. Gari likisimama magurudumu yananyooka, lakini likienda, mchanga unayasukuma nje, na vyuma vikuukuu vinalegea. Kwa hiyo yakisimama lazima yatazamane kidogo, kama miguu ya marehemu babu, vidole ndani, ili yakienda ndipo yanyooke. Mimi nilikuwa nimeyanyoosha kwa ajili ya kusimama. Mawazo ya msikitini hayo. Katika safu watu wamesimama. Gari halisimami.

Nikayarudisha ndani kiasi cha unene wa kamba ya katani. Kisha nikaenda kwa Hakimuddin, muuza vyuma wa Mikindani, nikamwambia usukani ni mwepesi mno, haurudi wenyewe baada ya kona. Akanionyesha kabari ya chuma inayotiwa kati ya springi na ekseli ya mbele. Inailaza ekseli nyuma kidogo, kama mtu aliyeegemea kiti. Ukitia nene, gari linashika njia ndefu kama reli, lakini mtaani, kwenye mchanga na kona za nyumba, unakaza usukani mpaka mabega yanawaka moto. Usipotia, mtaani ni raha tupu, na barabarani ni wasiwasi. Akaniuliza, "Wewe bwana unataka gari la mjini au gari la mwendo?" Nikamwambia nataka gari la mtu anayekaa mjini na anayependa mwendo. Akacheka akanichagulia nyembamba.

Wallahi, dada, gari limetulia. Kona ya kuteremkia Mikindani, ile iliyokuwa inatupa watu upande mmoja wakishikana nguo, sasa wanaipita wakiendelea na mazungumzo yao.

Nikamwendea Mzee Mohamedi mwenyewe. Nikamwambia, "Mzee, umenihukumu kwa habari za barazani. Panda uone." Alikataa, akakataa, mwisho akapanda kwa sababu alikuwa na safari ya Mikindani na mwenye punda alikuwa mgonjwa. Alikaa mbele karibu nami, mkono mmoja kwenye mlango, mwingine kwenye tasbihi.

Nikaendesha mwendo wangu. Sikupunguza. Mshale wa mwendo ulikaa palepale unapokaa siku zote. Tulipoingia barabara pana nikaona tasbihi imesimama mkononi mwake. Nikadhani ni hofu. Nikamtazama kwa jicho la pembeni. Mzee amelala! Kidevu kifuani, anakoroma polepole kama paka juani. Tumepita kona ile, hakuamka. Nimekuja kumwamsha mbele ya duka la Hakimuddin.

Akafumbua macho, akatazama huku na huku, akafurahi. Alifurahi kweli, dada, akanishika bega mbele ya watu. "Umeona, Ismaili? Polepole ndiyo hii! Hivi ndivyo anavyoendesha mtu mzima. Sasa twende ukaape kwamba utaendesha hivihivi siku zote, na yote yamekwisha."

Fikiri mahali niliposimama. Ningeweza kuapa. Neno lenyewe lilikuwa kweli, kwamba nitaendesha hivihivi. Ningeweka mkono juu ya Msahafu, ningerudi na adhana yangu na mwendo wangu, na hakuna mtu duniani ambaye angejua. Hakimuddin alikuwa amesimama mlangoni, anajua mwendo niliokuja nao kwa vumbi lililokuwa bado linatufuata, na alikuwa akinikonyeza: kubali, bwana, kubali.

Sikuweza. Nikasema, "Mzee, huo ndio mwendo wangu uleule mnaoulalamikia. Sikupunguza hata kidogo. Gari tu limekaa sawa."

Uso wake, dada! Watu wakacheka, na hapo ndipo nilipomkosea, maana sikutaka achekwe. Akasema nimemfanya mtoto mbele ya Wahindi na Waswahili. Alirudi Likombe kwa miguu, mtu mzima yule, na jua lile. Nilimfuata na gari nyumanyuma nikimwomba apande, na hiyo ndiyo safari pekee niliyopata kuendesha polepole kwa maana yake yeye. Hakugeuka.

Tangu Ijumaa iliyofuata adhana anaita mtu mwingine. Sauti yake si mbaya. Mimi nakwenda mapema kama kawaida, naketi safu ya kwanza, namjibu kama wengine wanavyojibu. Inaniuma, sitakudanganya. Sauti hii Mungu ndiye aliyenipa, na magharibi ikifika koo langu linajiandaa lenyewe kisha halina la kufanya.

Nimemwomba Mzee Mohamedi radhi kwa kicheko kile, na nitamwomba tena, hata mlangoni kwake mbele ya wakeze. Lakini kiapo sitakula. Sitamshuhudisha Mungu kwa neno polepole wakati mimi na wazee hatulielewi sawa. Kwao polepole ni kile wasichokiogopa. Wakilala, ni polepole. Wakiwa macho, ni mbio. Mtu haapi kwa usingizi wa mwenziwe.

Na tena, dada, neno hili mimi nilifundishwa na wewe. Unakumbuka tulipokuwa tukiteka maji Ziwani, mimi na mtungi wangu mdogo kichwani, nikitembea kama kobe nisimwage, na nguo zikilowa vilevile? Ulinifokea mbele ya wenzako. "Maji hayamwagwi na mwendo, yanamwagwa na kushtuka! Tembea!" Kisha ukapita mbele na mtungi wako, karibu unakimbia, na hata tone halikuanguka. Mimi naendesha hivyo. Yote niliyoyafanya chini ya lile gari, ya uzi na majivu na kabari, nilikuwa nautafuta mwendo wa shingo yako.

Kwa hiyo, barua yao ikikufikia, wajibu kwa heshima, ni wazee wetu. Lakini neno la kuniamuru usiliandike. Ukiliandika nitalitii, wewe wajua, wala sitalalamika, nitaapa, na nitakuwa nimeapa uongo kwa ajili yako. Ndiyo maana nakuomba mapema, kwa magoti, nikiwa nimesimama.

Wakiendelea kuninyima adhana, basi wajue adhana si mali ya kibaraza cha mtu. Juzi magharibi ilitukuta njiani, mbali na kila msikiti, upande mmoja korosho, upande mwingine vichaka. Niliegesha gari, nikavuta uzi wangu wa magurudumu juu ya mchanga ili safu inyooke, nikaadhini nikiwa nimesimama kwenye ubao wa kukanyagia abiria. Nilikuwa na abiria wachache, lakini wengine walitokea mashambani na majembe yao, sijui walikuwa wapi, wakajipanga kwenye uzi ule. Sijapata kuadhini vile.

Msalimie sana shemeji, mwambie kiko chake nimekipata na nitakileta mwenyewe. Wasalimie Asha na wajukuu wote, na Salma, ambaye kama amesoma yote bila kuruka nitamnunulia kitambaa cha gauni. Halima anakusalimu, anasema yeye yuko upande wangu ila nisirudie majivu barabarani. Mwajuma anakubusu mikono na kukukoholea.

Mungu akunyooshee goti lako, akuzidishie umri, akuondolee kila jambo la kukushtua, ukaufikishe mtungi wako nyumbani ukiwa umejaa.

Ni mimi, mdogo wako nikupendaye na nisiyekupita katika dua,

Ismaili bin Saidi,
na ukiuliza Likombe nzima, Bilali Petroli.