Nyuzi Tisini na Tano

Bweni la juu, chumba namba kumi na nne,
Jumatano mchana.

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, mgongo umetulia, na Mama naye mzima pamoja na mdogo wangu, ambaye nasikia siku hizi anavaa viatu vyako bila kuomba ruhusa. Mimi sijambo. Nakula, nalala, na kile kikohozi kilichomtia Mama wasiwasi kiliondoka chenyewe. Utaona nimeandika kwa wino moja kwa moja. Najua ulitufundisha penseli kwanza, wino baadaye, na kufuta kwa mkate mkavu pale kifutio kilipokosekana. Leo sikutaka nafasi ya kufuta, kwa hiyo makosa utakayoyakuta utayasahihisha hukohuko.

Bila shaka umeshapata barua ya mkuu wa idara, ile yenye muhuri, inayosema binti yako ameitwa mbele ya kamati ya nidhamu. Nakujua, utakuwa umeisoma mara tatu ukiwa umesimama. Basi keti nikueleze, maana mkuu wa idara ameandika shtaka akaisahau kesi.

Kwanza ujue jinsi sayansi inavyosomwa hapa. Tuko wanafunzi mia na sitini. Asubuhi tunajazana ukumbini, na mhadhiri wetu, tunayemwita Bwana Ubao kwa sababu tunaujua mgongo wake kuliko uso, anaandika saa mbili nzima bila kupumua. Sitamsingizia, Baba, anafundisha vizuri. Siku aliyotueleza kwa nini maji huchemka, jinsi hewa inavyoyakandamiza kutoka juu, na jinsi hewa ya mlimani ilivyo nyepesi hata maji yakawahi kuchemka kabla ya kufika nyuzi mia, nilitoka nikitabasamu peke yangu njia nzima. Nilinakili kila neno.

Shida ni maabara. Ipo, ina meza kumi na mbili, na kabati la vyombo vya kioo vinavyong'aa kama vyombo vya wageni katika nyumba isiyotembelewa. Ratiba inasema Alhamisi mchana ni majaribio ya vitendo. Alhamisi mchana mlango una kufuli, na Bwana Ubao anatusomea majibu ukumbini, tunaandika, kisha kila mtu anakwenda kutunga ripoti kana kwamba alipima. Asiyejua aanzie wapi anamtafuta Babu. Babu si mtu. Ni ripoti ya zamani, nakala ya nakala iliyoandikwa upya kwa mikono ya watu chungu nzima, isiyo na jina la mwenyewe, na kila mwaka wakubwa wanawarithisha wadogo. Ukifika bweni hili, kabla hujaulizwa umetoka wapi, unaulizwa kama umeshaonana na Babu.

Mimi nilionana naye, nikamrudisha. Hilo ni kosa lako, Baba. Wewe ndiye uliyenikalisha jikoni nikiwa darasa la tatu, ukaniambia nisikueleze kitabu kinasema nini, nikueleze nimeona nini. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Nikaenda kwa fundi wa maabara, mzee tunayemwita Mzee Funguo, nikamwomba anifungulie. Akaniuliza nimetumwa na nani. Nikamjibu nimetumwa na ratiba. Alicheka mpaka funguo zikalia kiunoni mwake, akafungua.

Jaribio lenyewe ni dogo, hata kulisimulia naona haya. Unatia kipimajoto kwenye barafu inayoyeyuka, unatarajia sifuri. Unakitia kwenye maji yanayochemka, unatarajia mia. Ndivyo unavyojua kama kipimajoto chako ni kizima. Barafu ilinipa sifuri bila ubishi. Maji yalipochemka, zebaki ilipanda mpaka tisini na tano, ikakaa. Nikaongeza moto. Maji yaliruka, mvuke ukajaa chumba, zebaki haikujali. Nilibadilisha vipimajoto mara tatu, nikabadilisha maji, nikabadilisha hata jiko, jibu ni lilelile. Ndipo nilipomkumbuka Mama alipokuja kunitembelea, akabandika maharage asubuhi, na alasiri yalikuwa bado magumu kama kokoto. Alilaumu maharage, akalaumu sufuria, mwishowe akanilaumu mimi. Mji huu uko mlimani, Baba. Maji yake yanachemka kabla ya kufika mia, na Bwana Ubao alilieleza hilo ubaoni kwa mkono wake, kisha Alhamisi akatusomea mia.

Mzee Funguo hakushangaa. Aliniambia, huku akipangusa meza, kwamba mimi si wa kwanza kuona tisini na tano. Wenzangu wachache walionitangulia waliona, wakanyamaza, na nikiwa na akili nami nitanyamaza. Sikuwa nayo. Niliandika tisini na tano, na chini ya ripoti nikaongeza kwamba namba hizi nimezipima mwenyewe, na kwamba zile za darasa zima hakuna aliyezipima.

Nikapewa sifuri. Pembeni, kwa wino mwekundu, niliambiwa nikaoshe kipimajoto. Nilibeba daftari la mihadhara mpaka ofisini kwa Bwana Ubao, nikamsomea maneno yake mwenyewe kuhusu hewa ya mlimani. Akasema hayo ni ya mtihani, na ripoti ina majibu yake, nisichanganye mambo. Nikamuuliza kama maji nayo yameambiwa yasichanganye. Hapo nilivuka mpaka, sikatai, na ndiyo sababu ya muhuri ulioupata.

Jana ndiyo ilikuwa siku ya kamati. Watu watano nyuma ya meza ndefu, na Bwana Ubao kwenye kiti cha pembeni. Niliingia na sufuria na kipimajoto, na Mzee Funguo akaingia nyuma yangu amebeba jiko la gesi, akaliweka mezani, kisha badala ya kuondoka akaegemea ukuta. Mkuu wa idara akauliza kama hapa pamegeuka jiko. Mkutubi, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, akasema acheni yachemke, chai yenyewe imechelewa. Wakacheka, na kwa sababu wamecheka wakashindwa kunikataza. Tukakaa, watu wazima tukiikodolea macho sufuria. Tisini na tano. Bwana Ubao akasema moto ni mdogo, akainuka, akauongeza mwenyewe. Baba, mwaka wa pili huu ninamsikiliza, na ilikuwa mara ya kwanza kumwona akigusa chombo. Nilimwonea huruma, lakini zebaki haikupanda.

Mkuu wa idara akasema suala si maji, suala ni adabu. Nimepewa mpaka Jumatatu. Niandike kuomba radhi kwa mhadhiri na kwa darasa, nifute lile neno kwamba hakuna aliyepima, ama nirudi nyumbani mwaka mzima. Sitaandika. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na mimi nimeshavua. Sanduku langu limepangwa nusu, na jana usiku sikukosa usingizi kwa ajili yake.

Mpaka hapa unaweza kumsomea Mama kwa sauti. Yanayofuata yasome peke yako kwanza.

Kabla kikao hakijafungwa, Bwana Ubao alitaka kujisafisha. Akatoa kwenye jalada ripoti iliyofunikwa plastiki, akasema ndiyo mfano anaoutumia kwa miaka ishirini na sita, tangu alipoanza kazi. Akasema mwenye ripoti hii alipata alama ambazo hakuna aliyezifikia mpaka leo, na jibu lake ni mia. Ikapita mkono kwa mkono mpaka kwangu. Nikajua nimemshika Babu mwenyewe, yule wa asili, na sikuhitaji kusoma jina. Nazijua herufi zile zinazolalia kushoto. Zimesaini daftari zangu zote za shule.

Ni ripoti yako, Baba. Ile unayotusimulia kila majibu ya mitihani yanapotoka, iliyokufanya ukachaguliwa kuwa mwalimu. Kumbe miaka yote hiyo chuo kizima kinanakili kwako.

Nilikasirika mpaka macho yakaniuma. Kisha nikakumbuka penseli kwanza, wino baadaye. Nikaiinamisha karatasi kuelekea dirishani. Chini ya wino, palipoandikwa 100 mara tatu, kulikuwa na mikwaruzo ya penseli uliyoifuta vizuri, ila mkono wako ni mzito tangu zamani. 95. 95 na nusu. 95. Uliona, Baba. Ulipima mara tatu, ukaona mara tatu.

Sasa nikiri nililolifanya. Sikunyamaza. Nilisema mbele ya wote kwamba mimi ni binti wa mwenye ripoti, nikampa mkutubi karatasi na kumwonyesha pa kutazama. Akavua miwani, akatazama, akapitisha kidole, akampa aliyekaa kando yake. Wote watano walipitisha vidole. Likaandikwa kwenye kumbukumbu za kikao. Bwana Ubao aligeukia dirisha, na nadhani alimkumbuka mwanafunzi mwingine ambaye yeye mwenyewe aliwahi kumwambia akaoshe kipimajoto.

Nimekuvua nguo mbele ya watu bila ruhusa yako. Kwa aibu hiyo naomba unisamehe. Kwa kitendo chenyewe siombi. Nililia ukutani pale nje, na niliyemlilia ni yule kijana wa miaka ishirini aliyekuwa na jibu sahihi mkononi, akalifuta kwa sababu hakuwa na mtu wa kumwambia aseme alichokiona. Mimi nilikuwa naye. Alinikalisha jikoni nikiwa darasa la tatu.

Kamati imesema neno la mwenye ripoti litapokelewa likifika kabla ya Jumatatu. Barua hii anakuletea mwenzangu wa chumba, anashuka huko leo na atapanda kurudi Jumapili. Sikuombi uniombee msamaha, wala usiwaandikie kwamba mimi ni mtoto mzuri. Ukinyamaza nitarudi nyumbani, nitakusalimia kwa heshima ileile, na tutakula pamoja. Lakini ukiweza, chukua karatasi moja, uandike zile namba tatu ulizozifuta, utie saini. Kwa wino, Baba, bila penseli.

Mwambie Mama maharage hayakuwa na kosa, wala sufuria, wala mimi. Mdogo wangu avivue hivyo viatu, miguu yake bado. Shangazi msalimie sana, na majirani wote watakaouliza. Nawakumbuka kila siku.

Ni mimi mwanao, ambaye tangu jana bweni zima linaniita

Tisini na Tano.