Sare za Husari Katika Harusi ya Loice

Jumamosi, 6 Septemba 2025

Nimemaliza kupaka rangi kisanamu changu cha kumi na mbili cha husari. Kikosi cha Aktirka, wapanda farasi wa Urusi, 1812. Koti la kahawia, kamba za manjano kifuani, na koti la pili linaning'inia bega la kushoto kwa madaha tu! Inasemekana walipofika Paris nguo zimechakaa, wakajishonea mpya kwa kitambaa cha watawa. Nawapenda mno hawa watu.

Loice anawaita midoli. Sawa, dada. Anaolewa na Mwita tarehe 11 Oktoba na amenipa kazi moja tu: kumtumia fundi cherehani Apolonia picha ya sare za wanaume sita wa harusi. Suti za buluu, tai za kitenge. Vipimo vya wote anavyo tayari.

Mimi pia nina langu kwa Apolonia. Nataka koti halisi la husari, nivae kwenye maonyesho ya visanamu ya Houston mwezi wa kumi na moja.

Jumanne, 9 Septemba

Nimemtumia picha ya husari. Nikaandika: "Hii ndiyo sare. Usibadilishe kitu." Akapiga simu kutoka Garland. "Kaka Kigen, makoti mawili kwa mtu mmoja, na joto hili la Texas?" Nikamwambia ndiyo, la pili halivaliwi, linaning'inia. "Haya. Wenye sherehe ni nyinyi."

Ya harusi nitatuma kesho. Nina shifti tatu mfululizo hospitalini.

Jumamosi, 4 Oktoba

Sita!

Nimeingia kwa Apolonia, nikakuta husari sita kwenye hanga. Sikuwahi kutuma ile picha nyingine. Nilisahau kabisa! Apolonia mikono kiunoni: si ulisema sare? Kweli nilisema. Kwa fundi anayesubiri picha ya harusi, sare ni moja tu.

Nimeona aibu hadi kwenye nywele. Lakini zile kamba — Mungu wangu — hata Urusi wangemwajiri.

Jumapili, 5 Oktoba

Nimemwambia Loice. Akanijibu: "Kigen, ni wedding yangu. Si hobby yako." Nikamwambia nitakodisha suti za buluu kesho. "Fanyeni mnavyotaka," akakata simu. Maneno mabaya kuliko yote. Sisi ni wawili tu huku Marekani, na nimemharibia siku yake. Nimeumia.

Jioni Mwita amekuja hapa Euless kujaribu sare yake ya husari. Amesimama mbele ya kioo muda mrefu. "Shemeji, hawa jamaa walimpiga nani?" Napoleon, nikasema. Amekataa kuivua. Amekula ugali nayo!

Ila mwenye neno ni Loice.

Jumatano, 8 Oktoba

Loice hapokei simu. Samson, msimamizi wa Mwita, anauliza kama kutakuwa na farasi. Hapana, Samson.

Jumamosi, 11 Oktoba

Kanisani, Carrollton. Naandika nikiwa kwenye chumba cha kwaya. Tuko sita, jasho linatutiririka, makoti begani. Suti za kukodisha ziko kwenye gari. Nimemwandikia Loice: "Sema neno tu, tunabadilisha. Dakika kumi." Ameisoma. Hajajibu.

Yuko chumba cha pili na Apolonia, ambaye nimempita mlangoni akiwa na mfuko mkubwa. Nikauliza kuna nini humo. Akaniambia nishughulike na jeshi langu.

Samson anafanya mazoezi ya kutembea. Mwita anamsahihisha! Mchungaji amechungulia, akatutazama mmoja mmoja, akafunga mlango taratibu.

Naomba asilie tu. Akitaka buluu, navaa buluu, na midoli naifungia kabatini mwaka mzima.

Kinanda kimeanza. Simu imelia — ujumbe wa Loice!

"Apolonia amenishonea koti la white. Linakaa bega gani?"

Kushoto, dada. Kushoto!