Kaseti Iliyokuwa Sandukuni kwa Medard

Ikuti, Rungwe
Mei 2024

Kwako mdogo wangu Agness,

Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Songea, wewe na shemeji na watoto, na kwamba goti lako halikusumbui tena kama wakati wa msiba. Mimi mwili ni mzima. Mvua huku bado haijataka kuacha, upepo umeangusha migomba mingi, ila chai inachumwa. Najua umenipigia simu mara nyingi sikupokea. Simu haikuharibika. Nilikuwa naitazama tu ikiita. Ndiyo maana naandika, kwa sababu haya nikianza kuyasema kwa mdomo nitanyamaza katikati.

Watu wa matanga walipoondoka, nilifungua sanduku la marehemu mume wangu nitoe nguo za kuwagawia ndugu. Chini kabisa, ndani ya soksi ndogo ya sufu niliyodhani ni ya mmoja wa wajukuu, nilikuta kaseti. Unajua Medard alivyokuwa na kaseti zake za miaka ya tisini. Zote zilikaa juu ya kabati, zimeandikwa kwa kalamu ya bluu, na mgeni yeyote aliruhusiwa kuchagua. Hii haikuandikwa kitu. Nikajiuliza ni kaseti gani ya kumficha mke.

Nikaiweka kwenye ile redio kubwa. Ulikuwa ule wimbo wa mwaka tisini na sita, ule wenye gitaa linalopanda, uliopigwa kwenye kila harusi na kila duka hadi watoto wakaujua kabla ya kujua sala. Aliurekodi kutoka kwenye kipindi cha salamu kwa njia ile ya zamani, redio mbili zinatazamana, kwa hiyo kila kilichosemwa chumbani kimeingia. Nikasikia jogoo wetu. Nikasikia kicheko cha mwanamke, kile kinachoishia kwenye kikohozi kidogo. Sikuhitaji kuambiwa ni cha nani. Kisha sauti ya Medard, ya chini, ikisema nyamaza bwana, dada yako asijue. Nikazima.

Kesho yake niliirudia, nikazima palepale. Nilifanya hivyo siku nyingi, mdogo wangu, kama mtu anayegusagusa jino bovu kwa ulimi.

Nikaanza kuunganisha mambo. Wakati ule nilikuwa nimelazwa hospitali nikisubiri kujifungua yule wa kwanza, tuliyemzika bila kumpa jina, na wewe ndiye uliyekuja kumpikia Medard. Baada ya hapo hukukaa, ukaolewa haraka, ukaenda Songea. Viatu vyekundu ulivyoondoka navyo alikununulia yeye. Nikakumbuka harusi ya mwanangu Nsajigwa. Wimbo ule ulipopigwa, Medard aliweka sahani chini akatoka nje, nawe ukainamia pilau yako ukifuta macho. Siku ile nilidhani ni pilipili. Na kwenye msiba ulivyoling'ang'ania jeneza, mpaka jirani yangu Tumpe akanisogelea na mdomo wake ule, akaniuliza mjane ni yupi kati yenu, maana yeye hajui pole ampe nani. Nilitabasamu. Baadaye neno lile likakataa kunitoka.

Basi shemeji yangu Asajile alipokuja kupanga siku ya kujengea kaburi, nilimwambia wewe usipewe taarifa. Akashangaa, akaniuliza hata Agness? Nikamwambia Songea ni mbali. Akauliza ni mbali kwa miguu au kwa basi.

Wiki iliyopita redio ikaanza kutafuna utepe. Nikaipeleka Tukuyu, kwa fundi Lazaro pale mtaa wa Bagamoyo, kaseti ikiwa humohumo ndani. Alipomaliza akabonyeza kuijaribu, na wimbo ukaanza mbele ya watu. Lazaro alisema wimbo huo ndio uliomwoza mara mbili, na mara zote mbili gitaa lilimdanganya. Mama mmoja muuza parachichi akasimama mlangoni akatikisa mabega, ndoo ikiwa kichwani. Kilipofika kicheko nilinyoosha mkono nizime. Lazaro akanizuia, akasema mama, redio hujaribiwa mpaka mwisho, usije kesho ukanitangaza kwamba Lazaro hajui kazi.

Kwa hiyo nikausikia mwisho.

Medard alisema dada yako asijue, mpaka Jumapili nitakapokwenda kumchukua na mtoto wake. Alisema redio ataibeba begani, aupige kuanzia mlango wa wodi mpaka hapa nyumbani, watu wote wajue nani amekuja. Wewe ukamwambia basi sogea, na mimi nimwimbie huyo mtoto. Ukaimba juu ya bendi yale maneno ya Kinyakyusa mama aliyotubembelezea, vibaya kabisa, na Medard akacheka. Halafu mvua ikapiga bati, hakikusikika kitu tena.

Jumapili ile tulitoka hospitali mikono mitupu, Agness. Lakini nimekumbuka kwamba Medard alikuwa na redio. Nilimuuliza ni ya nini, akasema ametoka kuichukua kwa fundi. Sikuuliza zaidi. Nilikuwa natazama njia.

Ndipo nikaelewa sahani na pilau. Na soksi ile ya mtoto, uliifuma wewe. Miaka yote hii mlikuwa wawili mnanifichia jambo hili ili lisiniumize, na nilipolikuta nikaliita uchafu. Nilikushuku, mdogo wangu, wewe na marehemu ambaye hawezi kunijibu. Nimekuandikia yote nilivyokushuku, nisije nikabakiza kimoja kikaota mizizi. Kama utakasirika, una haki, ila njoo ukasirikie hapa.

Kaburi litajengewa tarehe kumi na tano Juni. Nimeshamwambia Asajile kwamba Songea si mbali. Unajua Medard amelala mgombani ubavuni kwa yule mtoto. Nataka siku hiyo, wageni wakishakula na kuondoka, tuwapigie wimbo wao mpaka mwisho, na wewe uimbe, hata kama ni vibaya vilevile.

Nisalimie shemeji na wanao wote, hasa yule aliyerithi kicheko chako. Tumpe naye anakusalimu. Nimemwambia mjane ni mimi, na kwamba wewe pole yako unaidai. Ndaga, asante kwa kunivumilia. Waya wa redio umeungua, sasa inakula betri kubwa sita, na madukani huku zimeadimika. Ukija, njoo nazo.

Mimi dada yako,
Loyce