Upande wa Baridi wa Mashine ya Maji Moto

Jumatatu, 7 Julai

Maji baridi tena. Nimechemsha sufuria, nikamkanda Baba mkono, nikachelewa mjini. Kava za simu hazijiuzi.

Tangu kiharusi mkono wake wa kulia umejikunja kama wa mtu aliyeficha nauli. Wa hospitali walisema uloweshwe maji moto kila asubuhi na kukandwa, la sivyo utabaki hivyo. Mama Njoki, mwenye nyumba, alipong'oa hita zetu za bafuni akaweka juu ya paa pampu moja ya joto ya kutupashia sote maji, alituambia sisi wa mtaa wa Jamhuri sasa tutaoga kama matajiri wa Kilimani. Kama wanaoga hivi, nawaombea.

Kidole cha mwisho hakifunguki tena. Nina hasira. Naandika ili nisiende kumgongea mtu mlango.

Jumatano, 9 Julai

Nimefunga kibanda mapema kumvizia Kamau, fundi wa Mama Njoki. Amefika saa nane mchana. Ana geji mbili za kupima presha, ya bluu na nyekundu. Nimemuuliza maswali mpaka akachoka, akanieleza.

Ndani ya mabomba kuna gesi inayozunguka. Upande wa bluu presha iko chini na gesi ni baridi kuliko hewa, kwa hiyo inafyonza joto la hewa. Hata hii hewa ya baridi ya Julai ina joto la kuibiwa. Feni inavuta hewa kwa nyuma, inaitoa mbele ikiwa imepoa. Kisha kompresa inaibana gesi. Ikibanwa inapata moto, na huo ndio upande wa nyekundu, presha juu. Hapo inayaachia maji joto lake, inageuka majimaji, inapenya kitundu chembamba, presha inaanguka, inapoa, inaanza upya. Friji iliyogeuzwa nje ndani. Wizi mtupu, na hakuna wa kupiga ripoti. Nimeipenda, na imeniudhi kuipenda.

Shida yetu: inazima yenyewe asubuhi, bluu ikiwa imeshuka kabisa. Mlinzi wa geti amewahi kukuta barafu. Kamau hakungoja kuiona. "Ikishika barafu, mzee, ni gesi imeisha." Ameongeza gesi, akaenda.

Ijumaa, 11 Julai

Upuuzi mtupu. Bado asubuhi inazima bluu ikishuka. Mlinzi akiiwasha jioni inapiga kazi, maji yakikaribia kupata moto nyekundu inapanda kupita kiasi, inazima tena. Zamani ilikuwa na ugonjwa mmoja. Kamau ameiongezea wa pili.

Nimeandika kwa grupu ya wapangaji kwamba Kamau ni mwizi na Mama Njoki anamlinda. Nimeandika kwa herufi kubwa. Mama Njoki amejibu kwa upole, na upole wake ndio mbaya: "Wekesa mwanangu, nyumba ni nyingi Nairobi."

Mke wangu Rose amesoma, akaniambia nifute. Sikufuta. Jioni yote amekwepa macho yangu. Nadhani ananionea aibu.

Jumamosi, 12 Julai

Leo sikwenda kazini. Rose alidhani bado nimelala. Nimepanda juu kuikamata mashine ikizima.

Kamau aliizungushia grili ya chuma kwa sababu ya wezi. Nyuma ya grili, upande inakovuta hewa, mtu alikuwa ametandaza shuka mbili mbichi, zimefungwa kwa pini kila kona. Upepo wa feni umezibandika kwenye grili kama plasta. Mashine inakoroma, haipati pumzi, na mabati yake membamba yameanza kuwa meupe kwa barafu. Haina joto la kuiba, ndiyo maana bluu inaanguka.

Nilifurahi. Ni aibu kuandika, lakini nilifurahi. Nikatoa simu nipige picha niwapelekee grupu mjinga wao. Maneno nilikuwa nayo tayari, mengine ya Kibukusu.

Kisha nikaona alama ya pasi kwenye pindo. Niliichoma mwenyewe Pasaka. Shuka za Baba.

Rose alipanda na beseni, akanikuta nimekaa juu ya ndoo.

"Kwa kamba kila mtu anaona," alisema. "Kila siku shuka mbili. Watauliza ni nani anakojoa. Baba alinishika mkono akaniomba, hata wewe usijue. Na huku nyuma zinakauka haraka."

Zinakauka haraka. Bila shaka. Zinavutwa.

Nilitaka kumgombeza. Hasira ilikuwa palepale, moto wa upande wa nyekundu, ila hakukuwa na mtu wa kumpa. Anaziosha nikiwa bado nakoroma.

Jumatatu, 14 Julai

Nimeandika kwa grupu: kulikuwa na kitu kimeziba hewa ya mashine, nimekitoa, Mama Njoki na fundi mniwie radhi. Herufi ndogo.

Kamau amekuja kupunguza gesi aliyozidisha. Hakusema amezidisha. Aliuliza ni nani aliziba.

"Mimi."

"Na vile ulinitukana, Wekesa."

"Ndiyo."

Alicheka mpaka akaweka spana chini. Mama Njoki ametuma vidole gumba vitatu kwa grupu. Nimemeza. Ilikuwa chungu kuliko dawa za Baba.

Alhamisi, 17 Julai

Nimeosha shuka zote za nyumba hii, zetu, za wageni, hata pazia. Nimezianika kwenye kamba mbele ya watu, za Baba katikati. Mama Achieng wa chumba cha pili alisogeza nguo zake kunipa nafasi. "Aki nyinyi mnapenda usafi," alisema. Nikamwambia ni tabia ya kwetu. Itabidi iwe tabia ya kwetu kila siku.

Asubuhi maji yalikuwa moto hata nikaongeza baridi. Nililoweka mkono wa Baba, nikaukanda. Kidole cha mwisho kilifunguka nusu, kikarudi, kikafunguka tena.

Baba alitazama nje, akaziona zile shuka kwenye kamba. Kisha akanisukumia beseni karibu kidogo. Nikaendelea kukanda.