Wimbo wa Sahani ya Baba

Industrial Area, Doha

Mama Neema, mke wangu,

Nakusalimu kwa mapenzi. Goti lako vipi? Na mvua, imefika shambani au imepita tu juu kwa juu? Mimi ni mzima, ila joto limezidi. Mchana usukani siushiki bila kitambaa.

Mkataba wangu unaisha. Mudir, yaani meneja wetu, ameniletea mwingine wa miaka miwili na anataka jibu kabla ya Ijumaa. Jibu ninalo, lakini najua utauliza sababu, kwa hiyo nianze nayo.

Unaukumbuka ule wimbo wa Kijapani niliokuja nao likizo, ambao Neema anauimba na wenzake bila kujua hata neno moja? Niliupata kwa Mzee Mori, mhandisi ninayemwendesha kutoka kwake Al Mansoura hadi saiti ya ujenzi. Huuweka garini asubuhi na jioni. Kwa jinsi unavyochangamka, nilidhani ni wa mapenzi. Nikaujua kwa ghibu, nikawa naupigia mluzi hata kwenye foleni ya chakula kambini.

Juzi nikamwambia binti anayeuimba anampenda kweli mwanamume wake. Akacheka kidogo, akasema mwimbaji ni mwanawe wa kumzaa, na mwanamume mwenyewe ni yeye.

Kwao, mtu akiwa safarini, mkewe humwandalia sahani yake mezani kana kwamba yupo, ili huko aliko asipatwe na njaa wala baya lolote. Mke wa Mzee Mori alifanya hivyo tangu binti akiwa chekechea, na mzee yuko huku jangwani. Binti ndiye aliyekuwa akikila kile chakula kikishapoa. Jioni moja mama akaandaa sahani mbili tu, yake na ya binti, bila ugomvi wala maelezo. Binti alipokua akaitungia wimbo jioni ile. Wenye studio wakautia ngoma na makofi ili uuzike, na ukauzika. Mzee aliletewa diski na kijana wa ofisini, aliyeinunua dukani kama watu wengine.

Nikamwuliza kwa nini basi anausikiliza kila siku.

"Ndipo ninapoisikia sauti yake," akasema. "Simu yangu hapokei."



Sikulia, usije ukadhani. Lakini siku hizi Neema ananipa shikamoo kisha anakurudishia simu. Wewe husema ana haya. Nami nilikubali, maana kukubali ni rahisi. Inaniuma.

Nimemwambia mudir sitatia sahihi. Amesema nitajuta, na huenda ni kweli. Kazi za huko twazijua. Majirani nao watasema ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini. Waache, guu langu ni zima.

Nisalimie mama mkwe, kaka yako fundi cherehani, na mwalimu wa Neema wa shule ya Jumapili.

Nitafika mwisho wa mwezi. Neema asipotaka kuja kunipokea, usimlazimishe. Na akinikwepa humo nyumbani, usimkanye. Nitakaa mpaka anizoee.

Mumeo,
Baba Neema